Fundi Baridi na Miaka Kumi na Moja ya Nuru

Mume wangu ni fundi wa viyoyozi na majokofu katika hospitali kubwa, na kazini hakuna anayemwita kwa jina lake. Wanamwita Fundi Baridi. Wageni hudhani ni kwa sababu ya kazi, lakini wanaomjua wanajua ni tabia. Ukimwambia nyumba inaungua, atakuuliza kwanza inaungua upande gani. Mimi ni kinyume chake. Nachemka haraka, naongea kwanza halafu nafikiri nikiwa nimeshamaliza, na miaka ishirini na miwili tumeishi hivyo, yeye ananipoza, mimi namchemsha.

Nasimulia habari zake mimi kwa sababu yeye mwenyewe hawezi. Ukimuuliza habari za maisha yake atakujibu "nzuri tu" na kuanza kutafuta bisibisi.

Karakana yake iko nyuma ya hospitali, imepakana na chumba cha kufulia mashuka. Ni chumba kirefu chenye dirisha moja juu karibu na dari. Mabomba ya shaba yamekunjwa duara na kutundikwa ukutani kwa kufuata unene wake, na kila spana imechorewa umbo lake kwa rangi nyekundu, ili ikikosekana ijulikane. Anapenda kujua kila kitu kiko wapi. Akiitwa wodini, husikiliza mashine kabla ya kuifungua, kisha anasema, "Hii inakoroma, gesi imepungua." Na kweli unakuta gesi imepungua. Nimeshamwona akitambua feni mbovu akiwa amesimama ng'ambo ya barabara.

Mtu huyo huyo, kila Jumapili kwa miaka kumi na moja, alitupeleka kanisani mimi na binti yetu, akatushusha getini, akakaa kwenye benchi la mlinzi mpaka ibada iishe. Mvua ikinyesha alihamia kibandani. Kuingia ndani, hapana.

Sababu tuliijua wote. Tulijaliwa pacha, mvulana akatangulia, msichana akafuata baada ya dakika tisa. Walipokuwa na miaka sita mvulana akashikwa na homa ya mapafu. Alilazwa hospitali hiyo hiyo, chini ya kiyoyozi ambacho baba yake alikifunga kwa mikono yake mwenyewe. Fundi Baridi aliomba siku nne mfululizo, amepiga magoti kwenye sakafu ya wodi, mtu ambaye hajawahi kumwomba binadamu yeyote kitu mara mbili. Siku ya tano mtoto akafariki. Baada ya mazishi mume wangu hakusema Mungu hayupo. Ingekuwa afadhali, ningegombana naye. Alisema tu, "Mimi sina la kumwambia tena." Basi. Chakula kikiombewa aliinamisha kichwa kwa heshima yangu mimi, lakini amina hakuitamka.

Mnadhani nilizoea? Sikuzoea. Nilinyamaza, na kwangu mimi kunyamaza ni ugonjwa.

Mwaka huu binti yetu alitimiza miaka kumi na saba, akajiandikisha darasa la ubatizo. Kanisani kwetu kila anayebatizwa husimama mbele na mtu wa nyumbani kwake, na mchungaji humuuliza mtu huyo, watu wote wakisikia, yeye ni nani kwa huyu anayebatizwa. Binti akanifuata jikoni nikiosha vyombo, akasema, "Mama, nataka baba ndiye asimame na mimi."

"Mwanangu, nitasimama mimi."

"Wewe upo ndani siku zote. Baba asipoingia, nitasubiri mwaka ujao. Na asipoingia mwaka ujao, nitasubiri mwingine."

Ukaidi huo hakuuokota kwa majirani. Siku ile ile akamwambia baba yake mezani. Baba mtu akatafuna, akameza, akanywa maji, akasema, "Nimesikia." Kwa lugha ya Fundi Baridi, nimesikia siyo ndiyo wala siyo hapana, maana yake mazungumzo yamekwisha. Zilikuwa zimebaki wiki sita kabla ya ubatizo.

Hapo ndipo nilipoanza kutafuta kitabu.

Ni hivi: mimi ndiye muuzaji wa duka la vitabu la kanisa, chumba kimoja kando ya geti. Na mume wangu ni msomaji, msimwone kimya. Anasoma vijitabu vya mashine kuanzia jalada mpaka anwani ya kiwanda, na ana rundo la majarida ya zamani ya sayansi aliyoyaokota kwenye ofisi za madaktari, mambo ya sayari na nyota, ameyasoma mpaka kurasa zimelegea. Nikajisemea, huyu hafikiwi kwa mahubiri, mahubiri anayajua yote. Huyu anataka hadithi. Hadithi ya kubuni ya kisayansi, yenye chombo cha anga na mitambo na hatari za kiume, na Mungu awemo humo ndani bila kupiga kelele.

Haya, kitafute sasa! Niligeuza duka juu chini. Vitabu vya kina mama, rafu tatu. Vya ndoa, mbili. Vya wanaume vilikuwa saba, na vyote saba vinawagombeza kuanzia ukurasa wa kwanza: wewe baba unafika nyumbani saa ngapi, wewe baba lini ulimwambia mkeo asante. Mwanamume gani atanunua ugomvi dukani wakati nyumbani anaupata bure?

Nikawapigia wasambazaji. Wa kwanza akasema, "Mama, sayansi au imani? Chagua moja nikutafutie." Nikamkatia simu. Wa pili akaapa anacho hasa ninachokitaka, akaniletea kitabu cha ufugaji wa nyuki chenye mistari ya Biblia. Wa tatu, mwenye sauti ya upole, akaniambia wanaume wa kanisani hawasomi hadithi.

"Nani kakwambia?"

"Ndivyo ilivyo, mama. Hawanunui."

"Hawanunui kwa sababu hamjawaandikia!" Na huyo naye nikamkatia. Wiki mbili zikapita namna hiyo.

Na muda wote huo, kitabu kilikuwa dukani kwangu, na aliyekificha ni mimi.

Kuna mama mmoja mstaafu, mfupi, mwenye miwani minene, aliyefundisha fizikia maisha yake yote. Tunamwita Mwalimu tu. Mwezi mmoja nyuma aliniletea boksi la vitabu alivyotunga na kuvichapisha mwenyewe, akasema, "Mama Pacha, nisaidie kuviuza," akaondoka mbio kwa haya. Jalada jeusi, maandishi meupe: *Miaka Kumi na Moja ya Nuru*. Sasa Mkristo mwenzangu, niambie wewe ungeelewa nini? Kwetu mtu aliyeokoka husimama akasema, "Bwana asifiwe, mimi nina miaka minane kwenye nuru." Nikajua ni ushuhuda. Nikasema moyoni, loo, hongera Mwalimu, kumbe ameokoka juzijuzi tu, na alivyo mpole vile! Nikavipanga kwenye rafu ya shuhuda bila kufungua hata ukurasa mmoja. Muuza vitabu asiyefungua vitabu. Nicheke au nilie?

Kina mama wakavinunua. Mmoja akarudi amefura. "Mama Pacha, huu ushuhuda gani? Nimefika ukurasa wa tisini hakuna aliyeokoka, wanatengeneza mabomba tu!" Nikamshauri aendelee kusoma kwa imani. Mwenyekiti wa umoja wa wanaume naye akaja kuuliza kama huyo mtumishi wa miaka kumi na moja anaweza kualikwa awashuhudie wanaume. Nikamjibu nitamuulizia. Na bado sikukifungua.

Jumatano moja feni ya duka ikaanza kulia. Mume wangu akaja mchana na mkoba wake wa vifaa. Dukani anaingia, maana duka siyo kanisa. Akapanda ngazi, akaifungua feni, akashuka kuchukua grisi, macho yake yakatua kwenye rafu ya shuhuda. Niliona shingo yake inavyokakamaa.

"Nani huyu?" akauliza.

"Yupi?"

"Huyu wa miaka kumi na moja ya nuru." Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Mimi nina kumi na moja ya giza, hakuna aliyenichapishia kitabu."

Jamani! Miaka yote nimemtania mtu huyu kwamba ni barafu, na siku ile ndipo nilipojua alikuwa anaungua. Akakichomoa kitabu, akakitia mkobani pamoja na spana.

"Nakwenda kumsoma," akasema. "Nataka nijue yeye alipewa nini ambacho mimi nilinyimwa."

Akaondoka na feni akaiacha wazi, waya zinaning'inia, kitu ambacho hajawahi kufanya tangu nimjue.

Jioni akakaa kwenye ngazi ya mlango wa jikoni na kile kitabu, uso umekunjamana. Mimi napika na roho iko mkononi. Kurasa nne, tano. Mara nikasikia, "Ala!" Akakigeuza, akalitazama jalada, akarudi ndani. Kisha akacheka. Akacheka, nawaambia, mpaka binti akatoka chumbani kwake mbio kuja kuona.

"Siyo ushuhuda," akasema Fundi Baridi. "Ni chombo cha anga. Mama Pacha, mwaka wa nuru siyo mwaka. Ni umbali. Ni mwendo ambao nuru inakwenda kwa mwaka mzima bila kupumzika. Hawa watu wanasafiri kwenda kwenye nyota." Akanitazama kwa huruma. "Na wewe umekiuza kwenye shuhuda?"

Nikakubali. Nilitamani ardhi ipasuke. Baba na binti wakacheka kwa pamoja, nami nikajitia kununa, lakini ndani yangu nilikuwa nafurahi mpaka machozi, maana vicheko viwili hivyo sikuwa nimevisikia pamoja tangu msiba.

Siku zilizofuata alikisoma huku akigombana nacho. Alishika penseli ya kazini, anaandika pembeni. Nikimpelekea chai nasikia, "Mwalimu, Mwalimu, unawaua hawa!" Kisa? Mwalimu alikuwa ameandika kwamba kwenye chombo kile mashine inasukuma hewa chafu nje. "Ukisukuma hewa nje safari nzima, watabaki na nini ndani?" akaniuliza mimi, kama ndiye niliyekitunga. "Na watu ishirini wanapumua, pumzi ina maji. Yale maji yanakwenda wapi? Hakuna hata bomba moja la kuyatoa! Chombo chote kitaota ukungu kabla hawajafika mbali." Lakini hakukiweka chini. Alikwenda nacho kazini kimefungwa kwenye kitambaa safi, na kitambaa safi huwa ni cha vipuri vipya tu.

Ijumaa nikampelekea chakula cha mchana karakana. Nikamkuta amekaa, jambo geni, maana kazini hakai. Kitabu kiko mezani, zimebaki kurasa chache. Sahani hakuitazama. "Kaa," akaniambia. "Nikuonyeshe kitu."

Akashusha bomba la shaba ukutani, akalikunjua likajaa meza nzima. Akaweka kidole mwanzo wa bomba. "Hapa ni kwetu. Kule mwisho ni nyota. Mimi nikisimama juani, unanionaje? Nuru imenigonga, ikaja jichoni kwako. Lakini haikuja kwako peke yako. Imekwenda kila upande, hata juu, na haisimami. Kwa sekunde moja ingeweza kuizunguka dunia mara saba na ushee. Haya, ikitoka hapa leo, kule mwisho inafika lini?"

"Mimi nitajuaje?"

"Baada ya miaka kumi na moja na nusu. Mwalimu kaiacha ile nusu kwenye jalada, lakini ndani ameiandika."

Nikasema ni mbali. Akasema sijaelewa. "Iliyotoka hapa zamani zile ndiyo inafika kule sasa hivi. Sasa hivi, tukiwa tumekaa hapa." Akakivuta kitabu. Akanieleza kwamba wale wasafiri wanaitangulia nuru, hapo Mwalimu ametia chumvi, lakini amemsamehe. Wakishafika, nahodha anageuza darubini yao kubwa kutazama walikotoka. Anaona uani kwao. Anamwona baba yake, ambaye amekwisha kufa, yuko juu ya paa anapigilia misumari. Yu mzima. Anajifuta jasho, anashuka ngazi, anapanda tena. Nahodha anapiga magoti mbele ya mitambo yake, anasema, "Bwana, kumbe wewe umekuwa ukiyaona haya siku zote."

Mume wangu akafunga kitabu.

"Ile nusu ndiyo imenimaliza," akasema. "Ingekuwa miaka kumi na moja kamili, ningemwona wodini. Lakini miaka kumi na moja na nusu iliyopita alikuwa hajaugua. Alikuwa anakimbiza tairi uani, wewe unampigia kelele aingie akaoge."

Nilijiziba mdomo kwa mkono.

"Nuru ile ilimgonga yeye, ikaondoka. Haijapotea, Mama Pacha. Hakuna aliyeizima. Inafika kule leo, naye yumo, anakimbia." Akainua macho kwenye lile dirisha la juu, ambako hapakuwa na kitu ila mchana mweupe. "Sisi ndio tunaohitaji darubini. Mungu hahitaji."

Alilitaja. Miaka kumi na moja sikuwa nimelisikia neno hilo kinywani mwake. Mwili ulinisisimka kuanzia kisogoni mpaka miguuni. Mashine za kufulia zinanguruma upande wa pili, harufu ya mafuta ya mashine ni ile ile, na mimi naogopa hata kusogeza mguu, kama mtu aliyeingia mahali bila kubisha hodi. Nimeimba ukuu wa Mungu tangu utotoni, nimeuimba nikiwa nawaza mboga nilizoacha jikoni. Kuuogopa, kuuogopa kwa furaha, nilianza siku ile, mbele ya bomba la shaba. Hata hewa ya chumba kile niliivuta kwa adabu.

Na hapo, mimi nilivyo, nikaharibu.

"Basi utaingia siku ya ubatizo?" nikasema.

Akaanza kulikunja bomba, polepole. "Kumbe ndiyo hiyo," akasema. "Kitabu ulinitegea."

"Mimi? Nimekutegea? Hata nilikuwa sijui ni kitabu gani!"

"Na feni ukaiharibu makusudi nije."

Feni! Nikapandwa. Nikamwambia mtu asiyejua shukrani, nikamwambia mwenye roho ya jiwe, nikamwambia na mengine ambayo siyaandiki. Wanawake wa chumba cha kufulia wakachungulia. Yeye hakupandisha sauti hata kidogo, akalitundika bomba mahali pake, akachukua mkoba akaenda wodini. Nikarudi nyumbani na chakula kama nilivyokileta, nalia barabarani bila kujificha. Wiki sita zilikuwa zimebaki mbili, na mlango uliokuwa umeanza kufunguka nilikuwa nimeusukuma kwa bega.

Nilichoweza kutengeneza ni duka. Nikavitoa vitabu kwenye rafu ya shuhuda, nikaviweka meza ya mbele na kipande cha kadibodi: HADITHI YA ANGA. SIYO USHUHUDA. Mlinzi wa geti akanunua cha kwanza. Akamwambia dereva wa mchungaji, dereva akamwambia fundi bomba, na baada ya siku nne nikawa na wanaume wamesimama dukani kwangu wanabishana kama inawezekana kuitangulia nuru. Wanaume! Dukani! Mwenyekiti wao, aliyekwisha kununua kimoja, akarudi kuchukua cha pili, akaniambia kwa aibu kwamba hiki ni cha akiba, maana cha kwanza amekisoma akisahau kwenda kazini.

Nikamwita Mwalimu nimwombe radhi. Akaja Alhamisi, nikamsimulia kosa langu, akacheka mpaka akavua miwani. Tukiwa hapo, mume wangu akaingia. Alikuwa amekuja kumalizia feni, na tangu ugomvi tulikuwa tunasalimiana tu. Alipojua yule mama mfupi ndiye mtunzi, akasimama wima kama mwanafunzi.

"Mwalimu, shikamoo."

"Marahaba, baba. Wewe ndiye mwenye hewa?" Maana nilikwisha kumwambia ugomvi wake na hewa ya kile chombo.

Akatoa kitabu kwenye kitambaa chake, akamwonyesha sura ya nne, ya mabomba. Akamwelekeza kwa heshima, taratibu, hewa inavyozungushwa, inavyosafishwa, maji ya pumzi yanavyokusanywa na kunywewa tena. Mwalimu akatoa daftari akaandika kila neno. Mimi nikajibanza nyuma ya rafu ya ndoa na kunyamaza, na anayenijua atajua ilinigharimu kiasi gani.

Walipomaliza, mume wangu hakuondoka. "Nina swali moja," akasema. "Humu ndani, lipi la kweli na lipi umebuni?"

"Chombo nimebuni," akasema Mwalimu. "Watu nimewabuni. Darubini ya kumwona mtu kutoka mbali vile, haipo, nimeibuni. Nuru sikuibuni. Nuru iko hivyo hivyo nilivyoiandika."

"Na yule ambaye nahodha anaongea naye?"

Mwalimu akavaa miwani. "Baba, nimefundisha fizikia miaka thelathini na mitano. Kila mwaka nikifika somo la nuru, naandika ubaoni, nilikuwa nahisi kuna aliyesimama nyuma yangu. Siyo mwanafunzi. Nywele zilinisimama kila mwaka, na sikuweza kuwaambia watoto, haimo kwenye mtaala. Ndiyo maana nilipostaafu nikaandika hadithi."

"Amesimama tu? Hasemi kitu?"

"Hasemi. Mimi nilikwisha kumuuliza mambo mengi ambayo hajanijibu mpaka leo." Akatikisa kichwa. "Lakini haondoki."

Mume wangu akakifunga kitabu kwenye kitambaa chake. Kisha akasema, "Asante, Mwalimu," akapanda ngazi, akaifunga feni. Ikazunguka bila sauti. Hakunitazama, nami sikusema neno. Nilikuwa nimejifunza.

Jumapili ya ubatizo alivaa shati jeupe. Nikasema moyoni, leo anaingia. Akatupeleka, akatushusha getini, akaenda kwenye benchi la mlinzi, akakaa.

Binti alimtazama mara moja, akageuka akaingia. Akaketi mstari wa mbele na wenzake, kila mmoja na mtu wake, kiti cha pembeni yake kitupu. Mimi nilikuwa mstari wa nne, nimeushika mkoba wangu kama unataka kukimbia. Mchungaji, yule yule aliyemzika mwanangu, akaanza kuwaita mmoja mmoja. Wewe ni nani kwa huyu? Mama yake. Shangazi yake. Babu yake. Maji yanachotwa, watu wanasema amina.

Akaitwa binti yetu. Akainuka peke yake, akasimama mbele, mikono imeshikana mgongoni. Mchungaji akangoja. Kanisa zima likangoja. Najua alishasema baba yake asipoingia atasubiri mwaka ujao, lakini mama ni mama; nikaanza kuinuka. Ndipo nikaona nyuso za watu wa mbele zinageuka kutazama mlangoni.

Alikuwa anakuja katikati ya kanisa kwa mwendo wake ule ule wa wodini, bila haraka. Hakutazama kulia wala kushoto. Alikuwa analia waziwazi, machozi yanadondokea shati, na hakuyafuta. Nilihisi paa la kanisa limekwenda juu sana, juu mno, na sisi wote tumekuwa wadogo chini yake, na udogo ule hauumi. Akafika, akasimama kulia kwa bintiye. Binti hakumtazama, aliogopa kumtazama, lakini mabega yake yalishuka.

Mchungaji akamsogelea.

"Wewe ni nani kwa huyu?"

Mume wangu akamshika bintiye bega.

"Baba yao," akasema.

Mchungaji hakumsahihisha. Akainamisha kichwa, kisha akachota maji.